Wiki yangu ya zamu na hesabu zinazogoma

Jumanne saa 11 kasoro alfajiri simu inalia. Nje kuna ile baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, mimi mtu wa Muheza nimeletwa huku tangu 2015 na mpaka leo sijaizoea, maji ya kunawa uso unayaangalia tu kwenye beseni unajiuliza hivi kunawa kwani ni lazima. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikavaa sweta mbili na kitenge juu, saa 12 na robo nipo njiani na tochi ya simu.

Wiki hii nina zamu. Kama hujawahi kukaa shule ya kata, zamu maana yake kwa wiki nzima shule iko mikononi mwako, kengele ikichelewa ni wewe, mtoto akizimia ni wewe, ng'ombe wa jirani akiingia kwenye bustani ya mchicha ni wewe, na vipindi vyako viko palepale hakuna anayekupunguzia hata kimoja. Kawaida tunapangwa wawili ila mwenzangu kaitwa semina halmashauri, kwa hiyo nimebaki mimi na viranja.

Mi ni ticha wa hesabu. Wanafunzi wananiita Madamu Mathe, wakidhani sisikii wananiita Makokotoo. Vipindi 28 kwa wiki. Sasa watu wengi wakinisikia nafundisha hesabu wanadhani hesabu nazifanyia ubaoni, ila ukweli ni kwamba wiki ya zamu ndo nahesabu mpaka naota nahesabu, nahesabu vichwa, nahesabu sado za mahindi, vile vikopo vya kupimia, nahesabu mafagio, nahesabu vipande vya chaki, na jioni zile hesabu zote inabidi nizipange kwenye daftari la zamu zikae vizuri, mkuu asaini. Na hazikai. Hicho ndo nimekuja kukiandika leo, kwamba hazikai, na juzi Jumanne niliamua kuziacha hivyohivyo zisikae.

Saa 12:40 kiranja wa zamu anagonga kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mkaratusi na nondo pembeni, ukiigonga inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Wanafunzi wa karibu wanaanza kuwahi namba, yaani kuhesabiwa, wa mbali bado wako kwenye ukungu huko, wapo wanaotembea saa moja na nusu kuja na saa moja na nusu kurudi, na wengine wametoka nyumbani hawajatia kitu tumboni hata chai ya rangi. Saa 1:10 namba inafungwa. Wanaokuja baada ya hapo ni wachelewaji, wanachota maji ya kudekia vyoo. Sipendi kuwachapa. Utaratibu wenyewe wa viboko una masharti yake, mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimisha kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na mimi kitabu kingine cha kuandika sikitaki, nina vya kutosha. Wachote maji.

Vyoo navyo ni hesabu. Mwongozo unasema tundu 1 kwa wasichana 20, tunao wasichana 223, gawanya mwenyewe, tunahitaji matundu 12 na yaliyopo ni 8. Kwa hiyo mapumziko ya saa 4:40 ya dakika 20 kuna foleni, na mtoto aliyekwama kwenye foleni ya choo anaingia darasani kipindi kimeshaanza, mwalimu anamuuliza ulikuwa wapi, na binti wa kidato cha tatu unadhani atajibu nini mbele ya wavulana? Ananyamaza. Anaandikwa amechelewa.

Basi mstarini, wimbo wa taifa, matangazo, nikakagua kucha na soksi, mamonita wakaniletea vikaratasi vya mahudhurio mmojammoja. Waliosajiliwa 412. Waliopo 371. Wagonjwa 6, ruhusa 4, watoro 31. Nikajumlisha pale pale, 371 na 41 ni 412, safi, hesabu ya kwanza imekaa. Hii ndo hesabu pekee ya siku iliyokaa bila kulazimishwa. Hata hiyo ukiichungulia kwa ndani ina walakini, maana kuna dada mmoja kidato cha tatu alirudi shule mwaka huu baada ya kujifungua, toka ile 2021 serikali iliporuhusu wanarudi, huyu wa kwetu anakaa jirani, saa 7 anatoka mbio kwenda kunyonyesha na akirudi kipindi cha nane kimeshafika katikati. Daftari la mahudhurio lina alama ya yupo na alama ya hayupo, halina alama ya nusu. Nimemwandika yupo. Akiniuliza mtu nitajibu.

Watoro 31, wengi wavulana wa kidato cha tatu na cha pili, na najua waliko, nusu wako kwenye viazi nusu wako kwenye mbao. Huku ukipakia mbao kwenye fuso jioni unaondoka na hela mkononi, sasa wewe mshawishi mtoto wa miaka 16 kwamba kanuni ya kwadratiki itamlipa zaidi. Nikatoa simu yangu, salio langu, nikapiga kwa wazazi wanne wa wale sugu kabla ya kipindi. Wawili hawapatikani. Wa tatu akasema, "Mwalimu shikamoo, mbona ametoka na begi asubuhi?" Mzazi ana umri wa mama yangu ananipa mi shikamoo, nikamwambia marahaba ni zako mama, mimi ndo nakushikamoo, ila mwanao hajafika. Kimya kirefu. Kisha nikasikia anamwita mtu mwingine kwa Kibena, sauti kali, simu ikakata. Wa nne akaniambia mwalimu mwache amalizie heka ile ya viazi Alhamisi anakuja. Alikuwa mkweli kuliko wote. Nikaandika jina kwenye orodha ya kupeleka kwa mtendaji wa kata, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Saa 2 kamili kipindi cha kwanza, kidato cha pili B, wapo 64 na madawati ya 50. Mada ni seti. Kila mwalimu wa hesabu nchi hii anajua mfano wa seti ni Simba na Yanga, nikauandika: darasa lina wanafunzi 60, wanaoshabikia Simba ni 35, wanaoshabikia Yanga ni 31, kila mmoja anashabikia angalau timu moja, je wangapi wanashabikia zote mbili? Nikageuka. Mkono mmoja juu, kijana wa nyuma kabisa ambaye mwezi mzima hajanyoosha mkono.

"Madamu, hilo swali lina makosa."

"Makosa gani?"

"Hakuna mtu wa Simba na Yanga. Kama yupo huyo ni mnafiki."

Darasa likavunjika. Na mimi nikacheka, kwakweli anachosema kina mantiki, kwa hapa kwetu ile sehemu ya katikati haina mtu. Nikataka nibadilishe niweke ugali na wali, mwingine akadakia, "Madamu baba yangu mdogo ni Simba damu, ila Yanga ikicheza na timu ya nje anaishangilia." Haya, nikachora duara mbili ubaoni, nikamwambia njoo mweke baba yako mdogo. Akasimama na chaki. Nusu ya darasa inapiga kelele weka katikati, nusu inasema muweke Simba tu huyo anaigiza, akakaa na chaki hapo kama dakika nzima, mwisho akaweka kinukta juu ya mstari wenyewe, si ndani si nje. Nimefundisha seti miaka yote hii hakuna siku zimeeleweka kama siku hiyo. Walipotulia tukarudi kwenye 35 jumlisha 31 ni 66, toa 60, wanabaki 6, na wakajua kabisa kwamba wale 6 ni akina baba mdogo.

Halafu sasa inabidi niyaseme yote kwa Kiingereza maana mtihani wa Novemba wa taifa unakuja kwa Kiingereza. Hapo ndo furaha inapoisha. Mtoto aliyejua kabisa kutoa 60 kwenye 66 ukimpa swali lilelile kwa Kiingereza anakaa analiangalia. "Wasiopenda chochote kati ya hivyo viwili" kwa Kiingereza ni kineno kimoja tu, na hicho kineno kimoja sijui kimewafelisha watoto wangapi toka shule za kata zianze. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka hesabu inashika mkia, redio zinasema walimu wa hesabu wamefanyaje. Nasikiliza nasahihisha.

Na kusahihisha nako, ngoja niseme tu. Mikondo mitatu ya kidato cha pili peke yake nina madaftari 186. Dakika 2 kwa daftari, ambazo ni chache, dakika 2 unaweka vema na kosa huna muda wa kumwandikia amekosea wapi, ni dakika 372, yaani saa 6 na dakika 12. Kwa zoezi moja. Kwa hiyo nasahihisha mkondo mmoja kwa siku na wengine wanasubiri, na wanaosubiri wanasahau hata waliandika nini.

Vipindi vya katikati navipita, vilikuwa viwili, kimoja kidato cha nne wanajiandaa na mock, ule mtihani wa majaribio, wamejaa hofu, kingine kidato cha kwanza nilikuta mwalimu mwingine kakichukua kimakosa. Saa 4:40 mapumziko, ofisini kuna chai na mihogo, mwalimu wa taaluma ananidai azimio la kazi, na mimi namdai ratiba ya testi, tunadaiana hivyo toka muhula uanze. Wengine wanaangalia salari slipu za mwezi kwenye simu. Hiyo nayo hesabu. Bodi ya mikopo 15% ya mshahara, mfuko wa pensheni 5, bima 3, chama cha walimu 2, hiyo ni 25 hata kodi haijaguswa. Mmoja akasema mimi nimeshaacha kuangalia ya juu naangalia ile ya chini kabisa tu. Tukanyamaza tukala mihogo.

Saa 5 mbio jikoni. Kwa hapa ndo nitakaa sana maana hapa ndo penyewe.

Ada kwa shule kama yetu iliondolewa 2016, ile ya 20,000 kwa mwaka ya kutwa hakuna tena, na mtoto haruhusiwi kurudishwa nyumbani kisa mchango. Chakula cha mchana lakini serikali haileti. Wazazi walikaa kikao wakakubaliana wenyewe, kila mzazi debe 2 za mahindi na maharage yake kwa mwaka, wakachagua kamati ya chakula, na kamati ikaandika orodha. Aliyeleta yumo, ambaye hajaleta hayumo. Orodha ya sasa ina majina 268. Sitaki niseme wale ambao hawajaleta ni wabishi. Wabishi wapo. Ila mwezi huu wengi mahindi ndo kwanza yako shambani au yameanikwa uani hayajakauka, wengine walileta mwaka jana wakakuta chakula kimeisha Septemba wakasema hatudanganywi tena, na wapo watoto wanakaa na bibi, bibi hata debe la kula yeye mwenyewe hana.

Ukitaka kujua debe 2 ni nini, debe moja ni sado 5, la mahindi makavu lina kilo kama 18, mbili kilo 36, gawa kwa siku 194 za masomo, inakuja gramu 185 na kidogo kwa mtoto kwa siku. Unaweza kuzishika kwenye viganja viwili. Kwa orodha ya 268 hiyo ni kilo 50 kasoro kidogo, sado 14. Kwa hiyo mwalimu wa zamu kila siku anafungua stoo, anasimama pale, mama mpishi anachota, monita wa chakula anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Na sado inapimwa kwa kusawazisha, kuna kipande cha ubao cha rula iliyovunjika kinapitishwa juu, srrr, kinachozidi kinarudi kwenye kiroba. Hakuna lumbesa, ule ujazo wa kupita kipimo. Mwenyekiti wa kamati alisema siku ile ya kikao, mbele ya watu wote, mkulima akiuza mahindi yake anapimiwa lumbesa anaibiwa, basi shuleni angalau tuwe tunapima kwa haki. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Jumanne tumepima sado 14, rula imepita juu ya kila moja, nimesaini. Mama mpishi yupo hapa toka shule inaanza, ana mikono ya moto, anashika sufuria bila kitambaa. Nikamuuliza mama leo wako wangapi wa kula, akaniangalia kama naleta utoto. "Mwalimu, wewe si ndo umehesabu asubuhi?"

Nikarudi ofisini na lile swali. Kwenye jalada nina vikaratasi vya mamonita na nina orodha ya kamati, nikakaa nikalinganisha jina kwa jina, kipindi cha tano sikuwa nacho. Waliopo leo na wamo kwenye orodha, 246. Waliopo leo na hawamo, 125. Wamo kwenye orodha na hawajaja, 22, hao ndo wako kwenye viazi na sahani zao zimeshapimwa. Hawajaja na hawamo, 19. Jumla 412. Nimechora duara mbili kabisa nyuma ya kikaratasi, asubuhi nilikuwa nawafundisha watoto seti na sasa seti inanifundisha mimi. Sahani za ziada 22, watoto wasio na sahani 125.

Saa 7 kengele. Utaratibu ulioandikwa ni kwamba monita anasoma majina wanapita mmojammoja. Utaratibu unaofanyika ni kwamba monita anasoma majina kama 20 ya kwanza kwa sauti kubwa sana, afu sauti inapungua, afu anafunga daftari anakuwa anapanga foleni tu. Nimeona hivyo zamu zangu zote na walimu wengine wote wameona, tunasimama kidogo pembeni tunaangalia simu. Safari hii nikasogea mpaka kwenye sufuria.

Anachofanya mama mpishi ni hiki. Upawa anaozamisha kwa mtoto wa kwanza unajaa mpaka ukingo, wa pili hivyohivyo, na kadiri foleni inavyosogea mkono wake unapanda, upawa unazama kidogo zaidi ya nusu, anatikisa, unamwagika kwenye bakuli unaonekana umejaa kwa sababu supu ya maharage ameiongeza maji toka saa 6. Haangalii upawa. Anaangalia foleni. Kila baada ya muda anainua macho anapiga jicho mpaka mwisho wa mstari, anashusha, mkono unajirekebisha. Huyu mama hajasoma sekondari na nilikuwa namwona anagawanya 268 kwa idadi asiyoijua inayobadilika kila siku, na hakosei, maana mtoto wa mwisho alipata na sufuria ikabaki ukoko tu, na ukoko una wenyewe, wavulana wa kidato cha nne.

Nilihesabu bakuli. Nilisimama pale nikahesabu moja baada ya nyingine kama mshamba, watoto wananiangalia, 347. Kwa hiyo sio gramu 185, ni kama 143. Na 24 hawakula kabisa. Yule dada anayenyonyesha ni mmoja. Wengine wamekula viazi vya kuchemsha vya kwenye begi. Ila niliwaona mabinti watatu wa kidato cha kwanza wako kwenye bomba la maji, wananywa, wanasubiri foleni iishe ndo warudi darasani, na nilipowaita waje wakasema tumeshiba madamu. Wamo kwenye wale 125. Wazazi wao wamewaambia msile chakula cha watu, tusije tukasemwa. Nikaenda jikoni nikaomba ukoko, wavulana wa kidato cha nne wakaguna lakini wakatoa, nikawapelekea kwenye sahani ya walimu. Walikula wamenipa mgongo.

Mchana vipindi viwili, saa 9 usafi na michezo, mtoto mmoja kajikwaa kwenye goli la miti akachubuka goti, nikamuosha kwa maji ya chumvi, spiriti iliisha tangu mwezi wa tano. Saa 9:40 nikakaa kuandika ripoti.

Daftari la zamu lina kurasa zimepigwa mistari kwa rula, vichwa vya habari vilevile kila siku. Mahudhurio. Nidhamu. Usafi. Vipindi vilivyofundishwa na visivyofundishwa. Chakula. Wageni. Nikafungua kurasa za nyuma. Jumatatu niliandika mwenyewe, waliokula 268. Wiki iliyopita mwalimu mwingine, 268, 268, 268, 268, 268. Mwezi wa tano, orodha ilikuwa 251, wote waliandika 251 kila siku, hata siku ile ya mvua walipokuja watoto 190. Yaani shule nzima wamekuja 190 na wamekula 251. Na mkuu amesaini, na kamati kila mwisho wa mwezi inakuja inapitia inaridhika, sado zinalingana na majina, majina yanalingana na ripoti, kila kitu kimekaa.

Namwelewa mkuu, nisimseme vibaya. Akiruhusu kwa maandishi kwamba wasiochangia wanakula, aliyechangia atauliza mahindi yangu yanamlisha mtoto wa nani, na mwezi unaofuata hata hao 268 hawatakuwepo. Akizuia kwa maandishi, kazuia mtoto kula, hiyo nayo ina moto wake. Kwa hiyo hakuandika chochote, kaiacha kwa mama mpishi na upawa wake, na mama mpishi hana daftari.

Nimekaa na kalamu kama yule mtoto na kinukta cha baba yake mdogo. Nikaandika: "Chakula: mahindi sado 14. Waliomo kwenye orodha na waliokuwepo 246. Waliokula 347. Ambao hawakula 24." Kwenye maoni nikaandika kwamba wazazi wapewe mpaka mwisho wa mwezi wa nane mahindi yakauke, na kwamba anayeshindwa kuleta debe aruhusiwe kuleta kuni au kuja kuchota maji jikoni siku kadhaa. Hilo la kuni sijalitunga mimi, alinitajia mama mpishi wakati anasugua sufuria, kuni ananunua na maji anachotewa na watoto. Nikapeleka daftari mezani kwa mkuu, hakuwepo, nikaondoka.

Nyumbani saa 12 jioni, nikabandika maharage, nikachukua kishikwambi, ile tuliyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, mtandao kwangu unashika ukisimama karibu na dirisha la jikoni mkono juu kidogo. Mahudhurio yanatakiwa kuingizwa na kwenye mfumo wa shule. Afu nikafungua PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, maana nako unatakiwa ujaze kazi ulizofanya na umefikia asilimia ngapi ya lengo. Kuna kazi yangu imeandikwa kufundisha hisabati kidato cha pili, nikajaza. Kuna ya kusimamia nidhamu, nikajaza. Kumpigia simu mama wa mtoro kwa salio lako hakuna mahali pa kuiweka, na kuhesabu bakuli nako hamna. Umeme ukakatika nikiwa 80%, yaani chaji, lengo lenyewe sikumbuki niliandika ngapi.

Jumatano asubuhi nimefika, namba ni 374, watatu wamerudi akiwemo yule ambaye mama yake nilimsikia anaita mtu kwa Kibena, ana jicho jekundu na hataki kuongea na mtu. Daftari la zamu liko mezani kwangu limesainiwa. Pembeni ya 347 kuna duara la kalamu nyekundu, na chini yake, kwa ule mwandiko wake wa kulala, mkuu kaandika yale maneno ambayo mimi mwenyewe nawaandikia watoto kila siku kwenye madaftari yao, "Hesabu hailingani. ONANA NAMI."

Nimemwambia kiranja agonge kengele ya mstarini kwanza. Na huko stoo mama mpishi ananisubiri na ufunguo ninao mimi.